Nani Kashika Kamba ya Kengele?

Matatu ikishavuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, utingo huanza kuita: Kengeleni, kuna wa kushuka Kengeleni? Wa kushuka hawakosi. Huruka, wakapanda bodaboda, wakaenda zao, na ni wachache wanaoinua macho kuitazama kengele yenyewe, ambayo bado imetundikwa kwenye mnara wake karibu na makutano ya barabara. Honi na injini zimeizidi nguvu miaka mingi. Jina la mtaa ndilo limebaki kupaza sauti kwa niaba yake.

Habari yake inaanzia mwaka 1873. Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa ya baharini. Frere aliondoka mikono mitupu. Ni Balozi John Kirk, akiwa na tishio la manowari nyuma yake, aliyeipata sahihi ya Sultani mwezi Juni mwaka huo. Mkataba haukuyasimamisha majahazi siku moja. Yaliendelea kusafiri kwa siri, manowari zikaendelea kuyakamata, na watu waliotolewa humo walihitaji mahali pa kuishi, kwa kuwa kuwarudisha kwao, mamia ya maili barani, kulimaanisha kuwapitisha tena mikononi mwa wale wale waliowauza. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society wakafungua makazi ng'ambo ya mji wa kale wa Mombasa, wakayaita Freretown. Wengi wa waliopokelewa walitekwa nchi za upande wa Ziwa Nyasa. Waliowasaidia kuyaanzisha maisha mapya walikuwa Waafrika wenzao, ambao nao waliwahi kukombolewa baharini wakiwa watoto na kulelewa Nasik, India.

Kwa jamii ya namna hiyo kengele haikuwa pambo la kanisa. Masimulizi ya wenyeji yanasema ilipigwa pindi maadui walipoonekana wakija kuwateka watu upya, ili kila aliyekuwa shambani aache jembe na kukimbilia ndani. Na hofu ilikuwa na sababu. Wenye watumwa wa mjini waliyaona makazi yale kuwa maficho ya watoro, na mwaka 1880 vitisho vya kuyavamia vilikuwa vya wazi. Kule Rabai, kwenye kituo kikongwe zaidi cha misheni hiyo hiyo, watoro waliongezeka hata mgogoro ukashindikana kumalizwa kwa maneno. Ilibidi kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza kuitawala pwani iwalipe fidia wenye kudai watumwa wao, ndipo Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru.

Hiyo ndiyo nusu ya hadithi inayopendwa na waongoza watalii. Nusu ya pili huwa hawaigusi. Katika makazi ya misheni, siku nzima ya mtu aliyekombolewa ilikatwa vipande kwa kengele: kengele ya kuamka, ya sala, ya kwenda shamba, ya darasa. Aliyechelewa aliulizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 maofisa wa Uingereza wenyewe walilazimika kuchunguza malalamiko ya viboko ndani ya Freretown, viboko walivyochapwa watu waliokuwa wamekuja hapo kukimbia viboko.

Mhadhara huu unashikilia jambo moja: mlio wa kengele hauna maana mpaka ijulikane nani kashika kamba, na nani amekubali, au amelazimishwa, kuinuka akiusikia. Shaba ni ile ile na kamba ni ile ile. Kinachobadilika ni mapatano kati ya mpigaji na msikiaji, na historia ya kengele katika Afrika ni historia ya mapatano hayo, mengine ya hiari na mengine ya mjeledi.

Ni kosa kudhani kwamba kengele ilishuka Afrika kutoka melini pamoja na Biblia. Igbo-Ukwu, kusini mashariki mwa Nigeria, ardhi ilitoa kengele za shaba zilizosubiwa kwa ustadi, na kwa kawaida vitu vya pale vinawekwa kwenye karne ya 9 au ya 10. Chuma nacho kilikuwa na mafundi wake. Mhunzi alifua mabamba mawili ya chuma, akayapinda, akayakutanisha kingo kwa kingo, kisha akayagonga yakiwa mekundu mpaka yakashikana. Kengele ya aina hii haina ulimi ndani. Hupigwa nje kwa kijiti. Zimefukuliwa Great Zimbabwe, na zimefukuliwa Ingombe Ilede, kando ya mto Zambezi upande wa Zambia, katika makaburi ya watu waliozikwa na dhahabu, shanga na mabunda ya waya wa shaba. Maskini hakuzikwa na kengele.

Mwanahistoria Jan Vansina aliziita kengele za wafalme katika makala yake ya mwaka 1969, na jina hilo linafaa. Katika bonde la Kongo, kwa Waluba, Walunda, Wakongo na majirani zao, kengele ya chuma, hasa ile pacha yenye vinywa viwili na mpini mmoja, ilikuwa miongoni mwa alama za utawala. Ilimtangulia chifu njiani. Ilipigwa vitani na penye matangazo ya ikulu. Mtu wa kawaida hakujitengenezea yake akaning'iniza mlangoni.

Sababu ya vinywa kuwa viwili inastahili nafasi kidogo. Kinywa kimoja hutoa sauti ya juu, cha pili sauti ya chini. Lugha nyingi za bonde lile ni lugha za toni: maneno mawili yenye herufi zile zile huweza kutofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu. Basi chombo chenye sauti mbili kinaweza kuufuata mpando na mshuko wa maneno, na msikiaji akaisikia sentensi. Aliyeeleza jambo hili kwa undani ni John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu, karibu na Kisangani, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1949. Yeye alichunguza hasa yale magogo makubwa yaliyochimbwa ndani ambayo Walokele waliyapiga kupelekeana habari mtoni, lakini kanuni ni moja. Kwa kuwa maneno mengi huwa na toni zinazofanana, mpigaji haishii kwenye neno moja. Hulivisha maelezo marefu yanayozoeleka, mpaka msikiaji asibaki na shaka ni mwezi unaotajwa au ni kuku.

Kiswahili hakiwezi kupigwa hivyo. Hakina toni za kutenganisha maneno, na mkazo wake hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kengele pacha ikijaribu kukisema itatoa mlio wa mtu anayetembea kwa hatua zilizo sawa. Pengine ndiyo maana pwani yetu ilichagua njia nyingine. Mpiga mbiu alipita mitaani akiigonga au kuipuliza pembe ya nyati, watu wakanyamaza, kisha akasema kwa mdomo wake alichotumwa. Methali inayokaririwa na kila mtoto wa shule, kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, ni sahihi kwa kipimo cha fundi: inasema lipo jambo, haisemi ni jambo gani. Habari yenyewe ilibaki kwa mpiga mbiu, na nyuma yake alikuwapo aliyemtuma.

Kwa heshima kubwa zaidi palikuwa na siwa. Ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu ni baragumu kubwa zinazopulizwa ubavuni, na hazikutolewa kwa sherehe ya mtu yeyote. Harusi ya nyumba kubwa ilipata siwa; ya mtumwa haikupata. Hapa pia, kabla ya kusikiliza mlio ulikuwaje, yafaa kuuliza ulipulizwa kwa ajili ya nani.

Uislamu nao uliwahi kulijadili suala la kengele, tena mapema sana. Mapokeo yanasimulia kwamba Waislamu walipokwisha kutulia Madina walishauriana namna ya kuitana kwenye sala. Pembe ilikuwa ya Mayahudi. Naqus, ubao uliogongwa, ulikuwa wa Wakristo. Katikati ya mashauriano Abdullah ibn Zayd akaota maneno ya adhana, na Mtume akamwagiza Bilal, aliyewahi kuwa mtumwa, ayatangaze kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzuri zaidi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Kwa hiyo, ukikiacha kipindi cha Wareno na makanisa yao, masikio ya pwani yalikuwa yamepimiwa siku kwa koo la binadamu kwa zaidi ya miaka 750 kabla kengele ya Freretown haijatundikwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi leo una vyote viwili. Kanisa la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873 palipokuwa na soko la watumwa, limezungukwa na misikiti, na mkazi wa hapo hazichanganyi sauti hizo hata akiwa usingizini.

Bara, mpigaji mkuu wa kengele hakuwa chifu wala padri. Alikuwa ng'ombe.

Mchungaji akiwa na kundi kwenye kichaka kizito hawezi kuhesabu kwa macho. Huhesabu kwa masikio. Ng'ombe anayefungwa kengele ni yule anayefuatwa na wenzake, au yule mwenye tabia ya kutoroka, na mwenye kundi huutambua mlio wa kengele yake kati ya nyingi zinazoshuka kisimani pamoja. Mlio ukienda taratibu, wanyama wanakula. Ukikoma ghafla, wamelala au wamesimama kwa hofu. Ukija kwa fujo, simba. Kwa Wamaasai, kengele hizi ni kazi ya ilkunono, wahunzi ambao jamii iliwahitaji kwa mikuki na sime huku ikikwepa kuoana nao, kana kwamba moto wa tanuri ulikuwa umewatia doa. Na si mifugo pekee iliyovaa chuma hicho: picha za zamani zinaonyesha morani akiwa na kengele iliyofungwa pajani, ambayo kila hatua ilimtangaza kabla hajafika.

Ngamia wa Wasomali huvaa koor, kengele ya mbao. Anayeiona mara ya kwanza hudhani ni chombo cha jikoni. Mti uliochongwa vizuri hutoa mlio mzito unaosafiri mbali jangwani, na ukipotea, fundi hachimbi mgodi ili kuchonga mwingine. Katika misitu ya Kongo mbao hutumika pia kwa mbwa wa kuwinda, hasa wale wasiobweka, ambao wafugaji wa Ulaya huwaita basenji. Mbwa asiyebweka akizama msituni amepotea. Kijikengele cha mbao shingoni ndicho kinachomsemea, na wawindaji hufuata mlio huo mpaka kwenye mnyama. Wakongo waliichukua kengele hiyo ya mbwa wakampa mganga wao, kwa hoja ambayo ni vigumu kuipinga: kama yaweza kumsaka mnyama asiyeonekana, itashindwaje kumsaka mchawi?

Njuga ni tawi la ukoo huo huo, lakini hapa mtu amejifunga mwenyewe. Wachezaji wa Kigogo huzivaa miguuni, na Intore wa Rwanda huvaa amayugi vifundoni. Mguu ukikanyaga, mlio hutoka papo hapo na hauwezi kufichwa. Aliyechelewa kidogo anasikika kwa umati wote. Mwalimu wa ngoma hana haja ya kumkaripia.

Kengele kubwa ya shaba iliyochanganywa na bati, takriban sehemu nne kwa moja, ndiyo iliyoletwa na misheni, na nguvu yake kubwa ilikuwa katika saa. Wakatoliki hupiga kengele ya Malaika wa Bwana mara tatu kwa siku: alfajiri, adhuhuri na jioni. Kwa Mzungu hizo ni saa 6, 12 na 6. Kwa msemaji wa Kiswahili, anayeanza kuhesabu jua linapochomoza, ni saa 12, saa 6 na saa 12, yaani kengele iliangukia juu ya mishono ya siku aliyokuwa nayo tayari. Labda hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya vijiji vilivyozunguka misheni viizoee haraka, hata kwa wasiobatizwa. Bibi asiyekanyaga kanisani alijua wakati wa kuinjika maharage kwa kengele ya mapadri. Alijua pia, kwa mapigo ya polepole yaliyoachana, kwamba kuna msiba, akaanza kutafuta kanga ya kuvaa.

Mahali pengine kengele ilishindwa na mwenyeji wake. Buganda ilikuwa nchi ya ngoma. Kila ukoo ulikuwa na mdundo wake na Kabaka alikuwa na ngoma zake zisizogeuzwa mchezo. Kanisa kuu la Namirembe, Kampala, likawaita waumini kwa ngoma kubwa. Waliozipokea habari mpya walikataa kubadili masikio, na wamisionari walikuwa na akili ya kutosha kuelewa. Ethiopia, ambako Ukristo ulikuwa dini ya wafalme tangu karne ya 4, monasteri nyingi hutundika mawe marefu mtini na kuyagonga kwa jiwe dogo. Jiwe la aina inayofaa hulia vizuri kiasi kwamba mgeni hutafuta chuma kimefichwa wapi.

Halafu kuna ringi ya lori.

Hakuna kengele iliyotii watu wengi zaidi Afrika Mashariki, au tuseme iliyotiiwa na watu wengi zaidi, kuliko ringi kuukuu ya gari au kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe wa shule ya msingi. Kununua kengele ya kusubu ni gharama. Ringi ilipatikana gereji. Chuma chake ni kinene, kimetundikwa kwa waya au mnyororo ili kiwe huru kutetema, na kikigongwa kwa nondo kinasikika hadi ng'ambo ya bonde. Ukikigusa kwa kiganja hunyamaza mara moja, somo la fizikia ambalo kila mtundu amelijaribu. Mlio wa kwanza ulimkuta mwanafunzi njiani na kumgeuza mkimbiaji. Paredi, kipindi, mapumziko, chakula, kwenda nyumbani: yote yalitoka kwenye ringi moja, yakatofautishwa kwa idadi na kasi ya mapigo.

Na kamba, au tuseme nondo, ilikuwa mkononi mwa mtoto. Kiranja wa zamu alipewa saa ya mwalimu na mamlaka ya kuwaamrisha hata walimu, kwa kuwa kengele ya kipindi ikilia mwalimu wa hesabu huweka chaki chini kama wengine. Watoto walielewa haraka ukubwa wa cheo hicho. Dakika mbili zinazoibwa kwenye kipindi cha mwisho ni hongo ndogo ambayo kiranja alilipwa kwa miwa na maembe, na walimu wengi walijua.

Ringi hiyo hiyo ilitoka nje ya uwanja wa shule. Moto ukiwaka kijijini usiku, au mtoto akipotea, mtu alikimbilia mwembeni na kugonga bila hesabu, na kukosa hesabu ndiko kulikokuwa ujumbe. Wazazi walitoka na mapanga na ndoo. Usukumani na Unyamwezini kazi ya namna hii ilikuwa na sauti yake ya zamani, mwano, yowe la dharura ambalo sungusungu wa miaka ya 1980 waliligeuza kuwa nguzo ya ulinzi wa mifugo. Aliyeusikia mwano akakaa kitandani alikuwa na kesi ya kujibu kesho yake mbele ya wenzake. Hapo mapatano yalikuwa wazi kuliko ya Freretown: yeyote aweza kupiga, wote lazima waitike, na anayepiga bila sababu ataadhibiwa.

Mijini sauti za amri zimepungua na zile za biashara zimebaki. Muuza kahawa wa Mombasa, Unguja au Kariakoo hugonganisha vikombe vyake vidogo vya kauri kwa vidole vya mkono mmoja, na baraza zima hujua kwamba tangawizi na kashata zimefika. Hakuna anayelazimika kuinuka. Ni mwito wa pekee katika mhadhara huu ambao msikiaji anaweza kuupuuza bila kudaiwa kitu, isipokuwa kama ana deni la kahawa ya jana.

Wanaosalia chini ya amri ya kengele kila siku ni wanafunzi na wabunge. Katika Bunge la Tanzania, mchangiaji hupewa dakika zake, kengele ya kwanza humtahadharisha, ya pili humkalisha. Taarifa Rasmi ya majadiliano huandika katika mabano kwamba kengele imelia kuashiria kwisha kwa muda wa msemaji, na kurasa hizo zimejaa waheshimiwa wanaomuuliza mwenye kiti kwa mshangao wa kweli kama hiyo ni ya kwanza au ya pili, kisha wakaunga mkono hoja kwa pumzi moja. Nairobi, kengele ina kazi ngumu zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka wabunge 50 ndipo Bunge la Taifa lifanye kazi. Wasipofika idadi hiyo, Spika huamuru kengele ipigwe kwa dakika kumi, nayo hulia ukumbini na kwenye korido mpaka kwenye meza za chai. Dakika zikiisha na viti bado havijatosha, kikao huahirishwa, na walioitika hukusanya makaratasi yao na kurudi nyumbani pamoja na wasioitika.